Madoa Miguuni, Damu Kwenye Mkojo: Maswali ya Watu Wazima Kuhusu Vaskulaitisi ya IgA

Mimi ni muuguzi katika kliniki ya figo hapa Nairobi. Maswali haya nimeyaokota benchini, pale wagonjwa wanapongoja kuitwa, na mengine kwenye korido, baada ya daktari kumaliza kueleza na mtu kutoka nje akiwa hajaambulia kitu. Huu si ugonjwa unaotangazwa redioni. Wengi hulisikia jina lake kwa mara ya kwanza siku wanapoambiwa wanao. Kama una haraka, ruka hadi swali la figo, mengine yanaweza kungoja.

Daktari mmoja aliandika HSP, mwingine akaandika vaskulaitisi ya IgA. Nina magonjwa mawili?

Una mmoja wenye majina mawili. HSP inatokana na majina ya madaktari wawili Wajerumani: Schönlein, aliyeyaunganisha madoa ya ngozi na maumivu ya viungo mwaka 1837, na Henoch, aliyeongeza habari za tumbo mwaka 1874 na baadaye figo. Herufi ya mwisho ni ya papura, yaani damu iliyovuja chini ya ngozi. Tangu makubaliano ya wataalamu ya Chapel Hill ya mwaka 2012, jina linalopendekezwa ni vaskulaitisi ya IgA, kwa sababu linasema kinachotendeka: mishipa midogo ya damu imewaka na kuvimba, na kwenye kuta zake kumenasa kingamwili za aina ya IgA. Madaktari waliosoma zamani bado huandika HSP kwenye kitabu cha mgonjwa, na hawajakosea.

Nimesoma kwamba ni ugonjwa wa watoto. Mimi nina miaka 46.

Ni kweli, takriban wagonjwa tisa kati ya kumi ni watoto. Mtoto hupata mafua, wiki moja au mbili baadaye miguu inajaa madoa, magoti yanavimba, tumbo linamkata, na mara nyingi baada ya wiki chache anarudi kucheza.

Mtu mzima hana bahati hiyo. Ngozi huathirika vibaya zaidi, wakati mwingine kwa malengelenge na vidonda vyeusi vinavyochelewa kufunga. Ugonjwa hukaa muda mrefu zaidi, na figo huguswa mara nyingi zaidi na kwa nguvu zaidi. Ndiyo maana huwa nawaomba wagonjwa wangu wasilinganishe hali yao na ya mtoto wa jirani aliyepona kwa kunywa maji na kulala.

Nimeupata wapi? Nimeambukizwa, au nimefanyiwa kitu?

Hujaambukizwa, wala wewe huwezi kumwambukiza mtu. Lala na mwenzio, kula na watoto sahani moja.

IgA ni kingamwili inayolinda milango ya mwili: pua, koo, mapafu, utumbo. Kwa watu wenye ugonjwa huu, sehemu ya IgA hiyo hutengenezwa ikiwa na upungufu wa sukari fulani kwenye umbo lake. Mwili unaiona kama mgeni, unatengeneza kingamwili nyingine dhidi yake, zinashikana na kuwa mafungu, na mafungu hayo yananasa kwenye mishipa midogo. Mishipa inawaka, inavuja. Kinachowasha moto kwa kawaida ni maambukizi, hasa ya koo na kifua, na huku kwetu utaona watu wakisema yote yalianza na kikohozi cha ile baridi ya Julai. Wakati mwingine ni dawa, kwa mfano baadhi ya antibayotiki au za maumivu. Mara nyingi kiini hakionekani kabisa.

Kuhusu kufanyiwa kitu, simcheki anayeuliza hivyo. Unalala mzima, unaamka miguu yote miwili ina madoa yanayofanana kushoto na kulia kana kwamba mtu ameyapanga. Hata mimi ningejiuliza. Lakini mpangilio huo una sababu yake, na ndiyo inayofuata.

Kwa nini yanatoka miguuni tu?

Kwa sababu damu ina uzito. Unaposimama, msukumo ndani ya mishipa midogo ya miguu huwa mkubwa kuliko mahali pengine, na mshipa ambao tayari umewaka huvuja hapo kwanza. Ndiyo maana madoa huanzia kwenye vifundo na miundi, yakapanda mapajani na matakoni, na pia hupenda kutoka pale soksi au mshipi unapobana. Kwa mgonjwa aliyelazwa, wakati mwingine tunayakuta mgongoni na matakoni, kwa kuwa sasa uzito umehamia huko.

Hii ndiyo sababu msusi anayesimama saluni tangu asubuhi, makanga, askari wa mlangoni au mama anayechuuza Marikiti huniambia: "Sista, wikendi yanapungua, Jumatatu yanarudi." Si muujiza. Jumapili aliinua miguu.

Vitabu vinasema madoa ni mekundu. Yangu ni meusi.

Picha nyingi vitabuni na mtandaoni zimepigwa kwenye ngozi nyeupe. Kwenye ngozi yetu doa bichi huwa la zambarau iliyokoza, kahawia au jeusi kabisa, na kwenye taa ya tyubu ya zahanati laweza kukupita usilione. Usitegemee macho peke yake. Pitisha kidole: papura ya ugonjwa huu imeinuka, unaihisi kama punje za mtama chini ya ngozi. Kisha ikandamize. Kipele cha aleji hufifia ukikibonyeza kisha kikarudi. Doa la papura halifubai, kwa kuwa damu tayari imetoka nje ya mshipa. Kwenye ngozi nyeusi sana kubonyeza huko hakuonyeshi mengi, kwa hiyo mimi huamini zaidi kidole, na huangalia nyayo na sehemu ya ndani ya kifundo ambako ngozi ni nyepesi.

Hapa nikiri kosa. Miaka ya mwanzo, kabla sijaja kwenye figo, nilikuwa kwenye kliniki moja ndogo mtaani. Alikuja kijana, askari wa usiku, akiwa na madoa miguuni na magoti yanayouma. Tukamwandikia dawa ya aleji na krimu, akashukuru, akaenda. Hakuna aliyempa chupa ya mkojo, mimi nikiwamo. Alirudi baada ya miezi minne, madoa yameisha kitambo, uso umevimba asubuhi kiasi kwamba macho hayafunguki vizuri, na presha iko juu kuliko umri wake. Tangu siku hiyo, mtu akinionyesha madoa yaliyoinuka miguuni, natafuta chupa kwanza.

Yataacha alama?

Ndiyo, alama za kahawia au nyeusi zinazofifia polepole kwa miezi. Usizipake krimu za kung'arisha ngozi za mtaani. Baadhi zina zebaki, na zebaki huharibu figo. Hilo ndilo jambo la mwisho unalohitaji.

Viungo vyangu vitaharibika kama vya mtu mwenye baridi yabisi?

Havitaharibika. Magoti na vifundo ndivyo hushikwa zaidi, vinavimba na kuuma hata kushuka ngazi za ghorofa kukawa kazi, lakini mfupa na gegedu havilikwi. Vikipoa vimepoa.

Tumbo linanikata baada ya kula. Linahusiana?

Linahusiana sana, na ni mahali pa kuwa macho. Mishipa ya utumbo nayo imewaka. Chakula kikifika, utumbo unahitaji damu zaidi, mishipa iliyovimba haiwezi kuileta, na hapo unapata mkato unaokuja na kuachia, mara nyingi karibu na kitovu, mbaya zaidi baada ya mlo. Wengine hutapika. Wengine hutoa choo cheusi kinachonata kama lami, au chenye damu wazi. Sehemu inayoguswa zaidi ni utumbo mwembamba, pamoja na ile sehemu yake ya kwanza inayotoka tumboni.

Taabu ni kwamba kwa baadhi ya watu tumbo hutangulia, na madoa hufuata siku kadhaa baadaye. Katikati ya hapo, Nairobi hii, utakuwa umeshapimwa taifodi mara mbili, umepewa dawa za vidonda vya tumbo, na pengine mtu ameshakuambia ni kidoletumbo na ukatiwe. Kuna waliofunguliwa tumbo bure kwa sababu hakuna aliyewavua soksi. Ninasema hivi bila kumlaumu daktari wa upasuaji: tumbo linalouma kiasi hicho bila doa lolote ni fumbo kwa yeyote. Unachoweza kufanya wewe ni kutaja kila kitu hata kama unaona hakihusiani. Kikohozi cha wiki mbili zilizopita, goti lililovimba juzi, vipele vya miguuni. Vitaje vyote kwa mtu mmoja, kwa wakati mmoja.

Kwa watoto utumbo huweza kujiingiza ndani ya utumbo. Kwa watu wazima hilo ni nadra, lakini kuvuja damu na hata utumbo kutoboka hutokea. Tumbo likiwa gumu kama ubao, usingoje asubuhi.

Figo zangu haziumi. Kwa nini kila mara mnataka mkojo?

Kwa sababu figo haziumi. Hilo ndilo jibu, lakini niruhusu nieleze.

Ndani ya kila figo kuna vichujio vidogo vipatavyo milioni moja, na kila kichujio ni kifundo cha mishipa ile ile midogo ambayo ugonjwa huu unaipenda. IgA ikinasa pale, kichujio kinawaka na kuanza kupitisha vitu visivyopaswa kupita: chembe nyekundu za damu, na protini. Mwanzoni huhisi chochote. Mkojo ni wa manjano kama siku zote, unafanya kazi, unakula, unalala. Madoa ya miguuni yanafifia, na wewe unaanza kuona safari za kliniki kama kupoteza nauli.

Sasa tazama ninachofanya na ile chupa yako. Nachovya kijiti cha plastiki chenye vijisanduku vya rangi, nakitoa, nakikung'uta pembeni, nangoja kama dakika moja, kisha nakilinganisha na rangi zilizochapishwa ubavuni mwa kopo lake. Kijisanduku cha protini kinapogeuka kutoka njano kwenda kijani, kuna protini. Cha damu kikipata vitone vya kijani au kugeuka kijani chote, kuna damu ambayo jicho halioni. Kazi yote haifiki dakika tatu. Nimewahi kumwonyesha mzee mmoja mwenyewe, aliyekuwa akilalamika kwamba tunamsumbua bure. Alikishika kijiti karibu na dirisha, akakiangalia, akaangalia kopo, akaniuliza, "Huu ni mkojo wangu kweli?"

Kijiti kikionyesha kitu, maabara hupima kiasi chenyewe, kwa kulinganisha protini na kreatinini, taka ya misuli inayotolewa na figo, ya mkojo huo huo. Mtu mwenye figo salama hupoteza chini ya miligramu 150 za protini kwa siku. Ukifika nusu gramu na zaidi, tunaanza dawa za kuzuia. Ukivuka gramu tatu na nusu, miguu na uso hujaa maji, mkojo unatoa povu kama la sabuni ya kufulia. Mkojo ukigeuka rangi ya koka au chai ya rangi, damu imezidi. Pamoja na hayo tunapima kreatinini ya damu kuona kazi ya kuchuja iliyobaki, na presha kila unapokuja, maana presha hupanda figo zikiugua, na ikipanda huziua haraka zaidi.

Ni watu wazima wangapi figo zao huguswa? Tafiti hutofautiana kulingana na walivyochaguliwa wagonjwa, lakini nusu au zaidi si ajabu. Wengi wao figo hazitafika hali mbaya. Katika utafiti mmoja wa Ufaransa uliochapishwa mwaka 2002, watu wazima 250 wenye ugonjwa huu, ambao karibu wote figo zao zilikuwa zimeguswa, walifuatiliwa kwa takriban miaka 15. Karibu 11 katika kila 100 walifikia figo kushindwa kabisa, na wengine wakabaki na figo dhaifu. Ukiwa na protini nyingi, presha ya juu au kreatinini iliyopanda tangu siku ya kwanza, uko kwenye kundi la kuangaliwa kwa karibu zaidi.

Viungo vingine je?

Mara chache. Mapafu yanaweza kuvuja damu, na hapo mtu hukohoa damu na kukosa pumzi. Ubongo unaweza kuguswa: maumivu makali ya kichwa, kuchanganyikiwa, kifafa. Wanaume wengine huvimba korodani, ingawa hilo ni la wavulana zaidi. Moyo na macho ni nadra sana.

Kwa nini wananipima virusi vya UKIMWI, homa ya ini na hata saratani?

Kwa sababu madoa yaliyoinuka miguuni yana wazazi wengi, na vaskulaitisi ya IgA ni mmoja tu. Hepatitisi B na C, virusi vya UKIMWI, maambukizi ya moyo, lupasi (kinga ya mwili kuushambulia mwili wenyewe), baadhi ya dawa, na vaskulaitisi za aina nyingine huweza kuleta sura hiyo hiyo lakini matibabu yake ni tofauti kabisa. Idadi ya chembe zinazogandisha damu nayo huangaliwa. Kwa ugonjwa huu huwa ya kawaida, ikiwa chini tunatafuta kwingine.

Saratani huulizwa zaidi kwa mtu mwenye umri mkubwa, hasa mwanamume, ambaye hakuwa na mafua wala dawa mpya kabla ya madoa. Zinazohusishwa zaidi ni za mapafu, tezi dume na za damu. Ukiambiwa upigwe picha ya kifua au upimwe tezi dume, usitoke ukiwa umeshajizika. Wengi hukutwa hawana.

Damu yangu imepimwa IgA na iko juu. Basi ni uhakika?

Si uhakika. Karibu nusu ya wagonjwa wanayo juu na nusu hawana, na watu wasio na ugonjwa huu pia huwa nayo juu. Kipimo hicho peke yake hakithibitishi wala hakikanushi.

Lazima nikatwe kinyama?

Kwa mtoto daktari huweza kuutambua ugonjwa kwa kuangalia tu. Kwa mtu mzima, bayopsi ya ngozi ni jambo la busara. Unachomwa sindano ya ganzi, kipande kidogo kama punje ya choroko kinatolewa, unawekewa uzi mmoja au miwili. Muhimu ni kwamba kipande kitolewe kwenye doa jipya, lililotoka ndani ya siku moja au mbili, kwa sababu IgA huliwa na kutoweka kwenye doa kuukuu. Na lazima kigawanywe: nusu ya hadubini ya kawaida, nusu ya kipimo cha kung'arisha kingamwili, ambacho huhifadhiwa kwenye maji tofauti, si kwenye fomalini, ile dawa ya kawaida ya kuhifadhia vinyama. Uliza swali hilo kabla hujakatwa. Nimeona kinyama kizima kimetumbukizwa kwenye fomalini, mgonjwa akarudi kukatwa tena.

Bayopsi ya figo ni jambo jingine. Hufanywa kama protini ni nyingi, kreatinini inapanda, au hali haieleweki. Unalala kifudifudi, daktari anaangalia kwa mashine ya picha, sindano inaingia mgongoni upande wa chini. Baada ya hapo unalala chali saa kadhaa na mkojo wako unaangaliwa kama una damu. Majibu yake ndiyo yanayoamua dawa. Ajabu moja: chini ya hadubini figo hii haitofautiki na ile ya mtu mwenye ugonjwa wa figo wa IgA asiyekuwa na doa hata moja mwilini.

Nimepewa dawa ya presha lakini presha yangu iko sawa.

Losatani au enalaprili zimepewa kazi mbili. Zinashusha presha, na zinapunguza msukumo ndani ya kichujio ili protini ivuje kidogo. Wewe umepewa kwa hiyo ya pili. Usiziache kwa sababu mashine ya famasi imesoma 118 kwa 76. Damu yako itapimwa potasiamu na kreatinini wiki chache baada ya kuanza, na kama unapanga mimba sema mapema, hazitumiki kwa mjamzito.

Na prednisoloni? Nasikia inaponya.

Inasaidia sana tumbo linalokata na viungo vilivyovimba vibaya. Kwa figo, hutumika pale kichujio kinapowaka kwa nguvu. Kinachochanganya watu ni hiki: kuinywa mapema ili figo zisije zikaguswa hakusaidii. Majaribio yaliyofanywa kwa watoto yalionyesha hivyo, na kwa watu wazima hakuna anayeipa kwa sababu hiyo. Kama una madoa tu na mkojo safi, kupumzika, kuinua miguu na kungoja hutosha mara nyingi. Kwa madoa yanayong'ang'ania, daktari huweza kukupa kolchisini au dapsoni. Kabla ya dapsoni uliza kuhusu kipimo cha G6PD, kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu za damu, upungufu wake si haba katika Afrika Mashariki, na dapsoni humvunjavunja chembe za damu mtu mwenye upungufu huo.

Ukipewa prednisoloni, inywe asubuhi baada ya kula, na usiikate ghafla. Itapandisha sukari na presha, itakuondolea usingizi, uso utajaa. Huku kwetu pia lazima uulizwe kuhusu kifua kikuu cha zamani, upimwe hepatitisi B, na upewe dawa ya minyoo, maana kinga ikishushwa vilivyolala huamka.

Kuna dawa nzito zaidi: maikofenoleti, rituksimabu, siklofosfamaidi. Hii ya mwisho ilijaribiwa Ufaransa kwa watu wazima 54 waliokuwa na hali kali, matokeo yakachapishwa mwaka 2010: kuiongeza juu ya steroidi, yaani dawa za jamii ya prednisoloni, hakukuleta faida. Bado madaktari huitumia pale figo zinapoporomoka kwa kasi, lakini si dawa ya kuitaka kwa sababu jirani wa kitanda amepewa.

Nimeambiwa niache Brufen. Goti nitalituliza kwa kitu gani?

Kwa parasetamoli, kupumzika, na subira. Brufen, diklofenaki na ndugu zao hupunguza damu inayoingia kwenye figo na huchokoza utumbo ambao tayari unavuja. Za sindano ni zile zile. Ukienda kemisti kwa sababu ya mgongo au jino, sema una ugonjwa wa figo kabla hajafungua droo.

Na kwa kuwa nimefika hapo: zile chupa za mitishamba zinazouzwa stendi "za kusafisha figo" nazo ziache. Sijui kilichomo, na aliyezipika hataji.

Nile nini?

Punguza chumvi, hasa kama presha iko juu au miguu imevimba. Tumbo likiuma, kula kidogo kidogo, uji na vitu laini. Hakuna chakula kinacholeta ugonjwa huu na hakuna kinachouponya. Nyama choma si adui yako, ile chumvi ya pembeni ndiyo.

Madoa yameisha. Nimepona?

Ngozi imepona. Figo huweza kuanza kuvuja wiki au miezi baadaye. Kama mkojo ulikuwa safi tangu mwanzo, tunaurudia mara kwa mara kwa miezi sita angalau, na kwa mtu mzima mimi ningependa mwaka. Kama ulikuwa na damu au protini, utafuatiliwa kwa miaka. Madoa yenyewe huweza kurudi, hasa baada ya mafua mengine. Yakirudi, anza upya na chupa.

Nikipata mimba?

Wengi hujifungua salama. Lakini hata kama uliugua ukiwa msichana mdogo, mwambie mkunga siku ya kwanza ya kliniki. Presha ya mimba na protini kwenye mkojo huwapata zaidi wanawake waliowahi kuguswa figo, na vitu hivyo ni rahisi kuvishika mapema.

Nianzie hospitali gani hapa Nairobi?

Kipimo cha kijiti hakihitaji hospitali kubwa. Zahanati nyingi zinacho. Kikionyesha damu au protini, nenda hospitali ya kaunti kama Mama Lucy au Mbagathi, omba kreatinini na barua ya rufaa kwa daktari wa figo, kwa mfano Kenyatta pale Upper Hill. Hakikisha usajili wako wa SHA, mamlaka ya bima ya afya ya umma, uko sawa kabla, maana kadi ya NHIF, bima ya zamani, haikusaidii tena tangu Oktoba 2024.

Ni lini nisingoje kliniki?

Choo cheusi au chenye damu. Tumbo lisiloachia. Mkojo mwekundu au wa rangi ya koka, au mkojo uliopungua sana. Uso na miguu kuvimba ghafla. Kukohoa damu, kukosa pumzi, kifafa, kuchanganyikiwa. Hizo ni za usiku huo huo.

Nilete mkojo kutoka nyumbani au niutoe huko?

Wa kwanza wa asubuhi ndio bora kwa kupima protini, kwa sababu mtu aliyesimama na kutembea huweza kuvuja kidogo hata akiwa mzima. Lakini mkojo uliokaa hubadilika, chembe za damu hupasuka, kwa hiyo uwe umefika maabara ndani ya saa mbili hivi. Anayetoka Ngara aulete. Anayetoka Kitengela au Ruiru asubuhi ya foleni aje tu, atatoa hapa. Tumia chupa safi kutoka maabara. Ile ya jemu iliyooshwa kwa sabuni hutudanganya. Mwaga matone ya kwanza chooni, kinga ya katikati. Kama uko kwenye hedhi niambie, tutapanga wiki nyingine, la sivyo kijiti kitageuka kijani na sote tutaogopa bure. Na kama jana ulikimbia mbio ndefu au kubeba magunia, nalo liseme.